Safari Ikikwama Ukiwa na Ndugu Yako: Mwongozo Kamili kwa Wanaosafiri Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mwongozo huu ni wa ndugu wawili watu wazima, dada na kaka au mtu na mdogo wake, waliotoka pamoja kwenda nyumbani, harusini au matembezini, na safari ikawaharibikia. Basi limezimika kabla ya kufika Mau Summit. Magari yamekwisha kwenye steji ya Nakuru siku mbili kabla ya Krismasi, na yaliyobaki yamepandisha nauli. Mto Nyando umefurika na maji yamevuka barabara upande wa Ahero. Feri ya mwisho imeng'oa nanga Luanda Kotieno, kwenye Ziwa Victoria, mkiwa bado mnashuka kwenye matatu.

Watu wengi wa umri wetu wana miaka hawajakaa na ndugu yao saa tano mfululizo pasipo kikao cha familia, watoto wa kuangaliwa wala msiba. Safari iliyokwama inawapa saa hizo bila mtu kuziomba. Shida ni kwamba inawarudisha pia pale mlipokuwa mkiwa na miaka kumi: mkubwa anaamrisha, mdogo ananuna, na kila mmoja anajua mahali hasa pa kumchoma mwenzake. Kwa maoni yangu kazi yote iko hapo. Mkikwama kama watu wazima wawili, mtakaribiana. Mkikwama kama watoto, mtafika kwa mama hamsemezani.

Hatua ya 1: Tokeni barabarani, kisha mmoja aulize

Gari likizimika kwenye barabara kuu kutoka Nakuru kuelekea Salgaa na Mau Summit, shukeni na mkae mbali na lami, tena msisimame mbele wala nyuma ya gari lenyewe. Sehemu ile ina malori mazito mchana na usiku, na miteremko yake imeua watu wengi. Kama foleni imesababishwa na tangi la mafuta lililopinduka, kaeni mbali kabisa, hata mkiona watu wanakimbilia na mitungi. Pale Sachang'wan, Januari 2009, tangi la namna hiyo lilishika moto na kuua zaidi ya watu 100. Mkihitaji msaada wa dharura pigeni 999 au 112.

Mkishakuwa salama, mwendeeni dereva au makanga na maswali matatu: gari lina tatizo gani na fundi yuko wapi, kuna gari jingine la kampuni linalokuja, kama halipo, mnarudishiwa nauli au mnahamishiwa gari jingine bila kulipa tena. Mmoja aulize, mwingine asimame karibu asikilize. Wakienda wote wawili kwa nyakati tofauti, kila mmoja hurudi na jibu lake, na ugomvi wa kwanza huanzia hapo. Tunzeni tiketi na ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Bila hivyo hamna pa kuanzia mkidai nauli yenu. Kisha pigeni simu moja tu nyumbani, mseme mko wapi na mtapiga tena saa ngapi, ili mama asiwapigie nyote wawili kila baada ya dakika tano.

Na vaeni sweta. Mau Summit iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na jua likizama baridi yake haina utani. Anayetoka Kisumu na fulana moja atapata taabu, na mtu anayetetemeka hana subira na yeyote.

Hatua ya 2: Kuleni kabla ya kuamua

Hatua hii ni fupi, lakini msiiruke. Chai ya maziwa, mayai ya kuchemsha, mahindi choma, ndizi, chochote kilichopo karibu. Njaa ya mchana kutwa huyafanya maneno ya kawaida yasikike kama matusi. Suala la kurudi, kuendelea au kulala palepale lijadiliwe baada ya kikombe cha chai, si kabla.

Hatua ya 3: Lawama zilale kwanza

Maneno yanayowaharibia ndugu siku huwa machache, na mnayajua. "Si nilikuambia tupande la asubuhi?" "Wewe ndiye uliyeng'ang'ania tupitie Kericho." "Kila mara wewe." Yakitoka, mjadala hauhusu tena gari. Unahusu redio iliyovunjwa zamani, na nani alichapwa kwa ajili ya nani.

Kubalianeni mapema kwamba lawama zote zinangoja hadi kesho asubuhi mkishalala. Nyingi zitakuwa zimejifia usiku. Kama kweli mmoja wenu ndiye aliyechagua gari bovu au aliyechelewa kuamka, aseme mara moja kwa maneno mepesi: "Ni mimi niliyechagua hili. Pole." Mwenzake ajibu "Haya" na iishie hapo. Msamaha mrefu unamlazimisha mwenye kuombwa aanze kufariji, na jibu refu hugeuka hotuba. Na kama hakuna mwenye kosa, semeni hivyo kwa sauti: mto umefurika, hakuna kati yetu aliyeujaza.

Ukihisi "kila mara wewe" inakuja mdomoni, nenda kanunue maji. Tembea hadi kibanda cha mbali.

Hatua ya 4: Gawaneni kazi kinyume na utotoni

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Katika familia nyingi za huku kwetu kifungua mimba amebeba wenzake tangu akiwa darasa la pili: kawaogesha, kawapeleka shule, na baadaye kawalipia karo. Kitinda mimba naye amezoea kubebwa, na watu wamezoea kumwona hivyo hata akiwa na watoto watatu. Safari ikikwama, mkubwa huruka mbele kushika kila kitu bila kuulizwa, na mdogo hukaa kwenye mizigo akibonyeza simu. Kisha wote wawili wanakasirika. Mkubwa ananung'unika kwamba hasaidiwi, mdogo kwamba haaminiwi.

Geuzeni. Mdogo ashike pesa, azungumze na makanga, atafute mahali pa kulala, na uamuzi wa mwisho uwe wake hadi jioni. Mkubwa apewe kazi moja tu isiyo na amri ndani yake, kwa mfano kulinda mizigo. Semeni jambo hili waziwazi, msilitegee lijitokeze. Mdogo anaweza kuanza: "Dada, leo niachie. Nikishindwa nitakuuliza." Na mkubwa akubali jambo gumu zaidi, yaani kuona kitu kinafanywa polepole au tofauti na anavyofanya yeye, asikiingilie. Ukiwa mkubwa, jiulize swali moja kabla hujafungua mdomo: hili likienda vibaya, tutapoteza nini? Likiwa ni shilingi mia au nusu saa, nyamaza.

Tulipokwama Kericho kwa mvua, dada yangu ambaye ndiye mkubwa wetu alikaa kwenye kibanda cha chai mikono ikiwa mapajani, kama mtu aliyevuliwa saa. Mara mbili alinyanyuka kuniuliza kama nimehesabu chenji. Kisha akaagiza soda, akainywa. Utotoni Krismasi ilikuwa na chupa moja kwa watoto wanne, na yeye ndiye aliyegawa, akiinua kila kikombe usawa wa macho kupima, na mgawaji ndiye aliyechukua cha mwisho. Siku ile aliimaliza chupa nzima hadi tone la chini, hakumuuliza mtu kama anataka. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikibishana na mwenye matatu, nikamwona kupitia mvua, na sikutaka kulivuka lile lami haraka. Aliponiambia baadaye mambo ya mwaka aliokaa nyumbani bila kwenda shule, hakuwa ananiambia kama mlezi wangu.

Mkiwa mnalingana umri, au mapacha, kazi zigawanywe kwa zamu za saa mbili mbili. Kanuni ni ileile: mwenye zamu haingiliwi.

Hatua ya 5: Pesa zisemwe mapema, kwa hesabu

Ndugu wawili hawalingani mifuko, na safari iliyoharibika huianika tofauti hiyo hadharani. Mmoja anapendekeza hoteli yenye maji moto, mwingine ananyamaza kwa sababu amebakiwa na nauli tu. Ukimya huo husomwa kama ubahili au kiburi. Kwa hiyo, mkiwa bado mnakunywa ile chai, kila mmoja ataje alicho nacho. Mwenye zaidi aanze kutaja kiwango anachoweza kutumia leo bila kuumia, ili mwenye kidogo asione aibu kutaja chake.

Kisha fanyeni hivi. Tengeni kwanza nauli ya kufika mnakokwenda, ya watu wawili, na isiguswe kwa lolote, hata kwa chakula. Ikokotoeni kwa bei ya juu. Desemba na Pasaka, magari ya kwenda Magharibi hupandisha bei kadiri jioni inavyosogea. Sehemu ya pesa ziwe taslimu, kwa sababu mawakala wengi hufunga usiku na mtandao huweza kupotea wakati unapouhitaji. Kinachobaki ndicho cha kulala na kula, na kiwe mikononi mwa mtu mmoja, yule mwenye zamu.

Kama mmoja analipa zaidi, waelewane papo hapo: ni mkopo au ni zawadi? Ikiwa zawadi, isitajwe tena milele, wala kwa utani mbele ya shemeji. Ikiwa mkopo, tarehe ya kulipa itajwe. Mwenye mfuko mwepesi naye ana cha kutoa: kuamka alfajiri kushika nafasi kwenye steji, kubeba mizigo, kubembeleza bei. Mchango huo uhesabiwe kama mchango, tena kwa kutajwa.

Hatua ya 6: Chagueni jambo moja la kufanya hapo mlipo

Kukaa steji siku nzima mkitazama saa kunawachosha kuliko safari yenyewe. Mkishajua gari ni la kesho, au la jioni, hifadhini mizigo mahali penye mtu mnayemwamini na mwende mahali pamoja. Pawe pamoja tu. Anayejaribu kuokoa likizo kwa kuzunguka sehemu tano atarudi na ndugu aliyechoka.

*Mkikwama Nakuru.* Msikimbilie mbuga ya ziwa kama hamna gari na mna nusu siku tu. Kiingilio na usafiri vitawamaliza, na mtaitazama saa kuliko vifaru. Nawashauri Hyrax Hill, kilomita chache kutoka mjini upande wa Nairobi. Ni kilima kidogo chenye mabaki ya makazi ya kale, ambako Mary Leakey alichimba miaka ya 1937 na 1938. Pale kuna mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe. Okoteni kokoto mkacheze. Mkiwa hamjui bao, hamkosi mtu wa pale wa kuwaelekeza, na mkimkosa tungeni kanuni zenu kama mlivyofanya na kalongo au mpira wa makaratasi. Kwa wenye miguu na siku nzima kuna Menengai. Kutoka ukingoni unaona shimo la volkeno lenye upana wa kilomita 12 hivi. Mwende mchana, mwende na mtu anayeijua njia, na msishuke ndani kwa kubahatisha.

*Mkikwama Kericho au Londiani.* Mvua huko ni ya alasiri karibu kila siku, basi tembeeni asubuhi. Njia za pembeni mwa mashamba ya chai zinatosha, ombeni tu ruhusa pale mnapoingia ardhi ya watu.

*Mkikwama Kisumu.* Hapa ndipo ningependa kukwama. Nendeni Jumba la Makumbusho la Kisumu, ambako wamejenga boma zima la Kijaluo, Ber-gi-dala: nyumba za wake watatu, ghala, zizi na simba, yaani nyumba ya kijana mkubwa. Msilipite haraka. Simameni mbele ya kila nyumba mwulizane nani wa kwenu angekaa wapi. Boma lile limepangwa kwa kuzaliwa na kwa zamu, kwa hiyo linagusa mambo ambayo ndugu hawayasemi: nani alijenga kwanza, nani hajajenga, nani aliolewa mbali. Baadaye shukeni Dunga mkale samaki. Agizeni mmoja mkubwa wa kula pamoja kwa mikono na ugali. Sahani mbili zinawatenga. Mkitaka kupanda mashua, iwe asubuhi na jaketi za kuokoa maisha zikiwa mwilini. Alasiri upepo na radi hulibadilisha ziwa ghafla, na gugumaji huweza kuziba njia.

*Mkiachwa na feri Luanda Kotieno.* Tafuteni pa kulala mapema na muulize feri ya kwanza ya kwenda Mbita inaondoka saa ngapi. Mkishavuka mna daraja la kwenda Rusinga, na kule Kasawanga ndiko kuna kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ulizeni wazazi au wajomba kwa simu siku ile walikuwa wapi. Nimeona simu kama hiyo, mkiwa wawili mnasikiliza kwenye spika, ikizaa mazungumzo ya usiku mzima.

*Mkikwama Kakamega.* Msitu uko karibu, na ni vyema mwende na mwongozaji. Wasio na pesa za msitu waende Ilesi, kwenye barabara ya Kisumu, wakalione lile jiwe linalolia, mwamba unaotiririsha maji kama machozi.

Hatua ya 7: Anzeni kuongea mkiwa na kitu mkononi

Usimketishe ndugu yako na kumwambia "leo tuongee". Atajifunga kama mlango wa chuma. Maneno mazito hutoka watu wakiwa wanatembea ubavu kwa ubavu, wakimenya, wakicheza bao, wakitenganisha miiba ya samaki, macho yakiwa kwingine. Simu zikae mfukoni kwa saa moja iliyokubaliwa. Asiwe mmoja anayemkaripia mwenzake kwa kuitazama yake.

Ulizeni mambo madogo yenye mahali na jina. "Unaendeleaje na maisha?" huleta "Poa." Lakini "Yule bosi wako wa mwaka jana mliachana vipi?" au "Nilipokuwa bodingi, nyumbani jioni mlikuwa mkifanya nini?" huleta hadithi. Swali la mwisho hili nalipenda sana, kwa sababu ndugu waliopishana miaka sita hawakulelewa na wazazi walewale. Mkubwa alimjua baba mwenye nguvu asiye na pesa. Mdogo alimjua baba mwenye pesa kidogo na mgongo mbovu. Ndugu yako akisimulia jambo tofauti na unavyolikumbuka, usimsahihishe. Mwambie "endelea". Wewe ulikuwepo, naye alikuwepo, na kila mmoja aliona kwa urefu wake wa wakati ule.

Yapo mambo ya kuachwa kando: mgawo wa shamba, nani anamtunza mama, deni la zamani, na mchumba ambaye hampendi. Hayo yanahitaji watu walioshiba na waliolala, na mara nyingi yanahitaji ndugu wengine wawepo. Yakijitokeza yenyewe, sema: "Hili ni kubwa, tulipangie siku," na uitaje siku hiyo palepale ili asione unalikwepa. Akilia, usikimbilie kumtuliza wala kutoa ushauri. Kaa. Mnunulie maji.

Na kama hataki kuongea, heshimu. Kuna ndugu ambao hukaribiana kwa kutazama mechi ya mpira kwenye kibanda kimoja, na hilo linatosha kabisa.

Hatua ya 8: Usiku, kila mtu apate nafasi yake

Mkilala loji, kagueni chumba kabla ya kulipa: kufuli, maji, chandarua. Ukanda wa Ziwa Victoria una malaria, na aliyezoea baridi ya Nakuru au Molo ndiye wa kulala ndani ya chandarua bila ubishi, akipata homa baada ya safari aende akapimwe. Dada na kaka wachukue vyumba viwili kama pesa zinaruhusu. Mkibanana kimoja, kila mmoja apewe saa yake peke yake kabla ya kulala: mmoja aoge na apige simu kwake, mwingine akae nje mapokezi, kisha wabadilishane. Kuwa pamoja kutwa nzima bila mapumziko huwachosha hata wanaopendana.

Mkiwa mmegombana kweli, hadi hamwezi kukaa gari moja, pandeni magari tofauti asubuhi. Lakini pangeni mkutane mahali kabla ya kufika nyumbani, Ahero au Mbale ya Vihiga au kwenye kituo cha mwisho, mwingie boma kwa pamoja. Wagombanao ndio wapatanao, ila ugomvi ukishaonwa na ukoo mzima unakuwa mali ya ukoo.

Hatua ya 9: Mkifika

Kabla ya kuingia langoni, kubalianeni jinsi mtakavyosimulia. Mambo ya kuchekesha semeni, hata mkuze kidogo. Aliyoyasema ndugu yako usiku yabaki yenu. Aliyepotea njia, aliyelia, aliyeishiwa na pesa, asifanywe kichekesho mbele ya mashangazi. Msimulie alichofanya vizuri, tena umtaje kwanza: "Huyu ndiye aliyetupatia gari." Kwa kitinda mimba, kusikia hivyo mbele ya baba kunaweza kuwa ni mara ya kwanza.

Ndani ya wiki moja malizeni hesabu za pesa zote, hata zikiwa shilingi hamsini, na dai la nauli lifuatiliwe na aliyetunza tiketi. Tumianeni picha. Chagueni siku ya kupigiana simu, mara moja kwa mwezi, na yule ambaye kwa kawaida hupigiwa ndiye aanze kupiga. Safari ijayo ipangwe na yule ambaye hakupanga hii.